Mama alipotaka kuuza mashine ya mkaa mbadala

Ilikuwa jioni moja ya Aprili 2024. Nilitoka kazini nikapitia kwa mama, Mbagala, kumchukua binti yangu kama ninavyofanya siku zote. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nyuma ya nyumba nilimkuta mama amesimama, khanga kichwani, anatazama chaga zake za kuanikia mkaa.

Mkaa mbadala alioufyatua wiki nzima ulikuwa umelowa na kurudi kuwa tope. Maji meusi yalitiririka hadi kwenye mfereji wa jirani. Nilikadiria kwa macho, nikaona hazipungui kilo 300.

"Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "nitafutie mtu anunue mashine. Nimechoka."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Takwimu ndizo ugali wangu wa kila siku, kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua. Nikamwambia kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nikamwambia kazi yake inaokoa misitu na mapafu ya watoto, kwa hiyo si wakati wa kukata tamaa.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Hao milioni tatu ni wa kwako wa gazetini. Mimi nina mikono miwili na mgongo unaouma."

Akaingia ndani. Nikabaki uwanjani nimeshika mwavuli, nimekasirika kidogo. Nilidhani amenivunjia heshima. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ananiambia jambo ambalo mimi, na digrii yangu, sikuwa nimelijua.

Ilivyoanza

Mama amekuwa mama lishe kwa zaidi ya miaka 15. Wali na maharage yake vilinilipia ada hadi nikamaliza chuo kikuu. Miaka yote hiyo alipikia mkaa wa miti, na mkaa ulipopanda bei alichanganya na kuni. Kikohozi chake tulikizoea kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilijua amerudi nyumbani kwa kusikia anakohoa mlangoni.

Mwaka 2021 yeye na wenzake wa kikundi walihudhuria mafunzo ya siku tano ya kutengeneza mkaa mbadala. Kazi yenyewe haina maajabu. Unakusanya vifuu kwa wauza nazi, unavijaza kwenye pipa la chuma na kuvichoma kwa hewa kidogo hadi viwe mkaa. Unavisaga, unachanganya na chenga zinazobaki kwa wauza mkaa, unatia uji wa muhogo ili ushikane, unafyatua kwa mashine, kisha unaanika. Jua likiwa kali, siku tatu zinatosha.

Ni biashara ndogo, lakini ndiyo hiyo wataalamu wanayoiita biashara endelevu. Neno hilo linasikika la mikutano ya hotelini, ila maana yake ni rahisi. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Brundtland ni daktari kwa taaluma, na baadaye, kuanzia 1998 hadi 2003, aliongoza WHO. Huwa napenda kukumbuka hilo. Anayezoea kutibu mwili anajua kwamba usipourudishia kile ulichoutumia, utakudai.

Mama hakuwahi kumsikia Brundtland. Yeye alisema tu: "Vifuu vilikuwa vinatupwa, sasa vinapika."

Misukosuko haikuja mmoja mmoja

Mwanzoni mambo yalienda. Kisha mwaka 2022 mafuta yakapanda, petroli ikapita Sh3,000 kwa lita, na bodaboda aliyekuwa akileta magunia ya vifuu naye akapandisha nauli. Unga wa muhogo ukapanda. Wateja hawakutaka kusikia habari ya bei mpya.

Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ili kupanga upya utaratibu wake. Kikundi cha mama kilikuwa kinajiandaa kuomba mkopo wa pili. Wenzake wawili wakarudi kuuza mboga.

Ndipo ikaja habari iliyoonekana njema. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa wa miti. Shule moja binafsi ikaja kwa mama kuulizia mkaa mbadala, tena mwingi. Mimi ndiye niliyemsukuma akubali. Nilimwambia hii ndiyo nafasi ya kukua. Akaongeza mapipa kutoka moja hadi matatu, akaajiri vijana wawili, akakopa kwenye kikoba chao cha mtaani.

Shule ikachukua mzigo wa miezi mitatu na kulipa wa mwezi mmoja. Kila mama alipopiga simu, mhasibu alikuwa kwenye kikao.

Mvua za El Niño zikamkuta katika hali hiyo. Mzazi mwenzangu, utakuwa unazikumbuka. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Mbele ya misiba hiyo, kilo 300 za mkaa uliolowa ni jambo dogo. Lakini kwa mama, ndizo zilizokuwa zilipe kikoba.

Swali la mtoto

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Anashinda kwa bibi yake siku za kazi, nami namchukua jioni. Wiki moja baada ya mvua ile, tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, aliniuliza: "Mama, bibi hanipendi tena?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Haimbi. Na nikimwita hasikii."

Niliangalia nje ya dirisha ili asione uso wangu. Mama yangu ni mtu wa kuimba. Huimba akisonga ugali na akifua. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia, sikukumbuka. Nilikuwa napita pale kila jioni, naulizia mauzo, naulizia deni la shule, namchukua mtoto naondoka.

Usiku huo nilifungua makala yangu mwenyewe ya zamani kuhusu uchovu wa kazi. Mei 2019 WHO ilitoa ufafanuzi kuhusu jambo hili katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Haikuliita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Ina dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni kujitenga na kazi yako, kuiona kwa jicho baya au kuichukia. Ya tatu ni kuona kwamba unachofanya hakina matokeo tena.

Niliiandika makala ile nikiwa nawaza wauguzi na wafanyakazi wa benki. Sikuwahi kumfikiria mwanamke anayefyatua mkaa nyuma ya nyumba. Lakini dalili zote tatu zilikuwa pale. Analala saa nne usiku, anaamka saa kumi alfajiri, na bado anaamka amechoka. Wateja aliokuwa akiwaita "wanangu" sasa anawaita "wale watu". Na kuhusu kazi yenyewe alishasema: nitafutie mtu anunue mashine.

Nami nilikuwa nimemjibu kwa hotuba.

Nilichojifunza kwa kunyamaza

Jumamosi iliyofuata nilienda bila takwimu. Nilikaa naye kwenye mkeka, nikachambua mchele, nikamwambia: "Mama, ukitaka kuuza tutauza. Nitakusaidia kutafuta mnunuzi. Lakini niambie kwanza, ni nini hasa kinachokuchosha?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kutaja, na wala hakutaja mvua.

Alisema anachoshwa na kumpigia simu mhasibu. Anachoshwa na kuwalipa vijana mshahara yeye akibaki bila kitu. Anachoshwa na mapipa matatu yanayotaka vifuu kila siku, hata siku ambayo kuni za kuwashia zimelowa. "Zamani nilikuwa namjua kila anayepikia mkaa wangu," alisema. "Sasa nafanyia kazi lori."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hakuchoka na mkaa mbadala, na wala hakuacha kuamini kuwa unafaa. Alichoka na kazi iliyokuwa imekua kuliko mikono yake, na waliomkuzia ni sisi tuliompenda. Tunasema biashara endelevu ni ile isiyomaliza miti, maji na hewa. Tunasahau kwamba yupo mtu ndani yake. Biashara inayommaliza mwenye biashara si endelevu, hata kama haikati mti mmoja.

Tulikubaliana asiuze mashine kwa miezi mitatu. Baada ya hapo ataamua mwenyewe, na mimi sitabisha.

Tulichobadilisha

Jambo la kwanza lilikuwa kupumzika. Mama alikwenda Korogwe kwa dada yake, yaani mama yangu mkubwa, akakaa siku 12. Alikataa mara mbili kabla ya kwenda. Aliona haya. Kwa watu wa umri wake, kupumzika bila kuumwa ni uvivu. Nilimtafutia sababu, nikamwambia mama mkubwa ana hamu naye, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mimi niliomba likizo ya siku chache, shangazi akanisaidia siku zilizobaki, mtoto akapata wa kushinda naye.

Aliporudi, tulipunguza kazi. Mapipa mawili yakauzwa, fedha ikaingia kwenye deni la kikoba. Vijana wawili wakabaki na mmoja, naye analipwa kwa kilo anazofyatua. Mwenzake tulimwombea kazi kwa fundi wa mageti. Haikuwa rahisi kumwambia, na mama alilia siku hiyo.

Shule hatukuifukuza. Tuliandika barua ya kistaarabu kwamba mzigo mwingine utatoka baada ya deni kulipwa. Walilipa nusu Julai, nusu nyingine hatujaiona hadi leo. Mama aliacha kupiga simu. Alisema deni lile ameliweka kapuni kwake, likija ni sadaka, lisipokuja yeye analala.

Mvua nayo tulikubali kwamba itarudi. Tulinunua nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, fundi akatengeneza kibanda kirefu chenye pande wazi ili upepo upite, na chaga zikainuliwa kutoka chini. Siku za mawingu mkaa unakauka polepole, unaweza kuchukua wiki, lakini haurudi kuwa tope. Miezi ya masika mama anafyatua nusu tu ya kawaida. Amejipangia hivyo mapema, kwa hiyo haoni kama ameshindwa.

Kisha akaanza kujilipa. Kila Ijumaa anatoa kiasi kidogo kwenye mauzo na kukiita "cha mama". Hakirudi kwenye biashara hata kama vifuu vimepanda. Mara nyingine ananunua samaki, mara nyingine dawa ya mgongo. Mwezi mmoja alinunua doti ya khanga akaificha kabatini, nami nikajifanya sikuiona.

La mwisho lilitoka kwake mwenyewe. Alinunua daftari la pili. La kwanza ni la mauzo. La pili anaandika watu. Ukurasa mmoja mteja mmoja: mama wa maandazi wa kona ya msikiti, mzee wa chipsi, mjane mwenye wajukuu wanne. Anaandika kila mmoja anachukua visado vingapi, anapika nini, na amesema nini. "Mama maandazi anasema masufuria hayashiki masizi sana." "Mzee wa chipsi anasema moto unachelewa kushika, ila ukishika unakaa." Malalamiko anayaandika pia. Yanamsaidia kurekebisha uji wa muhogo, maana ukizidi mkaa unatoa moshi.

Siku mambo yakiwa mazito, mama hafungui daftari la mauzo. Anafungua lile la watu.

Wakati tunahesabu walikuwa 23. Hawafiki hata robo ya watoto wa ile shule. Lakini wanalipa taslimu, na anawajua kwa majina.

Si kila kitu ni kizuri

Kama mwandishi wa afya sitakutendea haki nikikuacha na picha ya uongo. Mkaa mbadala ukitengenezwa vizuri unatoa moshi kidogo, lakini bado ni mkaa. Ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo inaua watu wakiwa usingizini. Jiko lolote la mkaa, uwe wa miti au mbadala, halipaswi kulala chumbani na watu, hata kama kuna mtoto mchanga na baridi ni kali. Mama anawaambia hivyo wateja wake wote, wengine hadi wamechoka kumsikia.

Kuchoma vifuu nako kunatoa moshi mwingi. Tuligombana juu ya hilo. Sasa pipa limehamishiwa mwisho wa kiwanja, anachoma mara mbili kwa wiki asubuhi, kabla mtoto hajafika, naye anavaa barakoa. Kikohozi kimepungua, hakijaisha.

Na yeye mwenyewe nyumbani ana mtungi wa gesi. Chai na mboga ni gesi, maharage ni mkaa wake. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nilimuuliza kama haogopi kwamba siku moja watu wote watahamia gesi na umeme, biashara ife. Akacheka. "Ikifa kwa sababu watu hawakohoi, nitakwenda mazishini kwake nimevaa khanga mpya."

Zamu yangu ilipofika

Nilidhani hadithi hii ni ya mama. Kumbe zamu yangu ilikuwa inakuja.

Januari 20, 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na sehemu kubwa haikurudi. Watu waliohangaika zaidi ni wagonjwa na wahudumu wa afya katika nchi nyingi. Sisi waandishi tuliguswa pembeni. Mradi uliokuwa ukigharamia safari zetu za vijijini ulikoma. Ukurasa wa afya ukapungua. Wenzangu wawili tuliokuwa tukisafiri pamoja mikataba yao haikuongezwa. Mimi nilibaki, ila nilibaki kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Nilianza kuandika kwa mkono mmoja. Nilikuwa nachukua taarifa kwa vyombo vya habari, nabadilisha aya ya kwanza, natuma. Usiku nilikuwa napekua simu hadi saa saba nikisoma habari mbaya. Asubuhi nilimfokea mtoto kwa kiatu kilichofungwa vibaya.

Jioni moja ya Machi mama alinikalisha. Hakuniambia nchi inanihitaji. Aliweka daftari lake la pili mapajani, akaniuliza: "Wewe wanaokusoma ni akina nani?"

Nikamtajia idadi ya wanaofungua ukurasa wetu mtandaoni. Akatikisa kichwa. "Sikuuliza wangapi. Nimeuliza akina nani."

Nilikaa kimya, maana sikuwa na jibu. Halafu nikamkumbuka mmoja. Miezi kadhaa nyuma, baada ya makala yangu kuhusu hatari ya jiko la mkaa chumbani, kijana mmoja alipiga simu ofisini akaomba kuongea na aliyeandika. Mke wake alikuwa amejifungua siku tisa kabla, na ndugu walikuwa wameweka jiko chumbani kumpasha mzazi na mtoto joto, madirisha yamefungwa. Mke alikuwa analalamika kichwa kinauma na kusikia kichefuchefu, wakadhani ni uzazi. Kijana alisoma makala kwenye simu akiwa kazini, akapanda bodaboda, akatoa jiko nje na kufungua madirisha, wakaenda zahanati. "Dada, nilitaka tu kukushukuru," aliniambia. Siku ile nilikuwa na haraka. Nilimwambia asante, nikakata simu, nikaendelea na kazi.

Nilipomsimulia mama, aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyepoteza fedha njiani bila kujua.

"Na huyo hukumwandika popote?"

Sikuwa nimemwandika. Akachana karatasi kutoka katikati ya daftari lake, akanipa na kalamu. "Ukurasa wa kwanza huo," akasema.

Sasa nami nina daftari. Lina kurasa chache zilizojaa, labda kumi na moja. Halilipi kodi ya nyumba, wala halikurudisha mradi. Mwezi huo nilimwomba mhariri anipunguzie habari za kila siku ili niandike makala moja ndefu kwa wiki, iwe ya kitu nilichokiona kwa macho. Alikubali kwa majaribio. Simu naiweka sebuleni saa tatu usiku.

Mzazi mwenzangu

Najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna kazi ya namna hii. Kuna anayekusanya chupa za plastiki, kuna anayeshona taulo za kike za kufua, kuna anayefuga kuku kwa funza wa taka za jikoni, kuna anayefundisha. Kazi inayofaa watu ina mtego wake. Kwa kuwa ni njema, unaona aibu kusema imekuchosha. Na ndugu zako, kwa kuwa wanaisifu, hawaoni unavyodhoofika.

Kama ni wewe umechoka, usianze kwa kujilaumu kwamba imani imepungua. Angalia kwanza ukubwa wa mzigo. Taja kwa majina vitu vinavyokuchosha, utashangaa kwamba mara nyingi si kazi yenyewe. Ondoa kimoja wiki hii. Jilipe, hata kidogo. Jua angalau watu watatu ambao kazi yako imewagusa, uwaandike mahali, kwa sababu siku mbaya kichwa husahau.

Kama ni mzazi wako au mwenza wako aliyechoka, usimhutubie. Kaa naye, shika kazi ya mikono, uliza, kisha nyamaza. Na sikiliza watoto. Wao ndio wa kwanza kujua kwamba mtu haimbi tena.

Uchovu ukizidi hadi mtu halali, hali, au anasema maisha hayana maana, hapo si suala la daftari. Mpeleke kituo cha afya akaonane na mtaalamu, kama ambavyo ungempeleka akiwa na malaria.

Miezi mitatu tuliyokubaliana iliisha Agosti 2024. Nilimuuliza mama kama nitafute mnunuzi wa mashine. Alikuwa anachochea uji wa muhogo kwenye sufuria kubwa, akanijibu kwa swali: "Kwani nani amesema inauzwa?"

Masika ya mwaka huu yamepita. Jioni moja nilifika kumchukua mtoto, mvua inanyesha. Mkaa ulikuwa chini ya nailoni, mkavu nusu. Mama alikuwa jikoni anapika maharage, anaimba, na binti yangu anamwitikia kiitikio ambacho hata mimi sikijui. Nikakaa mlangoni, sikuulizia mauzo.